Faili Nililompa Mumewe

Mimi nina hasira za karibu, sifichi, na kipindi cha fildi zilikuwa karibu zaidi. Nilikuwa nasomea kumbukumbu za afya. Chuo kilinipeleka hospitali moja hapa Mwanza nijifunze kazi kwa vitendo, nami nikajua nitakaa kwenye kompyuta feni ikinipuliza. Wakaniweka dirisha la masjala, kufungua mafaili ya majeruhi. Jumatatu dirisha lile lilikuwa damu tupu. Waliopasuliwa kwa chupa kilabuni, waliokatana mapanga kwa mpaka wa shamba, mvuvi aliyevunjwa taya kwa kasia na mwenzake wa mtumbwi mmoja. Kila mmoja na fomu yake ya polisi, PF3, na mimi naandika: jina, anakoishi, ndugu wa karibu, chanzo cha jeraha. Wiki ya kwanza nilitapika. Ya pili nikawa naandika huku natafuna chapati.

Msimamizi wangu, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alikuwa na sheria moja: faili halishikwi na ndugu. Mhudumu analitoa masjala, analipeleka kwa daktari, analirudisha. Sasa mhudumu mwenyewe alikuwa mmoja na foleni imefika getini. Mama akigeuka tu, sote tulikuwa tunawapa ndugu wabebe wenyewe. Siku moja alinikamata, akanisema mbele ya wagonjwa mpaka nikanuna. Nikawaza, mama huyu naye, kwani faili lina dhahabu ndani?

Wiki hiyohiyo akaja mwanamke kutoka Kisesa, mkono wa kushoto umefungwa kitenge kilicholowa. Mumewe alimkata kwa panga kwa kuchelewa kurudi kutoka kisimani. Nilipofika kwenye anakoishi, akasogeza mdomo dirishani.

"Kisesa sirudi. Andika Kiseke, kwa dada yangu. Mume wangu hapajui, wamehamia juzi tu. Akinipata ataniua."

Nikaandika. Tena niliandika vizuri mno, maana chuoni tulikuwa tunapewa alama kwa faili lililokamilika: nyumba ya pili kutoka mashine ya kusaga, geti la bluu. Kwenye chanzo cha jeraha nikaandika kwa mkono wangu huuhuu, kukatwa panga na mume.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, akasimama dirishani mwanamume mmoja, shati limenyooshwa pasi, kofia ameishika mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Nimemleta mke wangu kusafishwa kidonda, yuko pale kwenye benchi, mkono unamuuma hawezi kusimama kwenye foleni. Nipatie faili nimtangulizie kwa daktari."

Akataja jina kamili la mkewe na umri wake. Nyuma yake watu walikuwa wanagomba, mtoto analia, mama msimamizi kaitwa kikaoni. Nikachomoa faili, nikampa. Sikutazama hata hilo benchi. Tena nikamsifia, eti wanaume wa kuwahangaikia wake zao siku hizi wamebaki wachache. Akatabasamu. Baada ya dakika chache akalirudisha, akasema daktari ana watu wengi, watakuja kesho. Akanishukuru.

Kesho yake alfajiri alikuwa Kiseke. Mimi nilijua saa mbili, bajaji ilipoingia na wanawake wawili ndani. Wa kwanza kushushwa sikumfahamu. Alikuwa amekatwa shingoni na begani, kanga yote nyekundu, anakoroma. Wa pili nilimjua kwa bandeji. Safari hii alikuwa amekatwa mkono wa kulia, vidole viwili vinaning'inia, lakini alikuwa anatembea mwenyewe. Dereva akasema majirani wamempiga yule mwanamume kwa mawe, polisi ndio waliomwokoa. Nikatamani wangechelewa. Naandika hivi na bado natamani.

Nikamfungulia faili yule wa kwanza. Aliyenitajia jina lake ni mdogo wake, yule wa bandeji, amesimama dirishani hata kushonwa hataki.

"Anaishi wapi?" nikauliza, maana fomu inauliza.

"Si unapajua," akasema. "Nani mwingine nilimwambia? Hata mama yangu mzazi sikumwambia."

Ningeweza kukana. Mafaili yanapita mikono mingi, nani angejua? Lakini nilisikia aibu inanipanda mpaka masikioni.

"Ni mimi. Alikuja jana, akasema uko kwenye benchi. Nikampa faili."

Alinipiga kofi kupitia dirishani, kwa mkono ule wa bandeji, kidonda kikafumuka. Damu yake ikanibaki shavuni. Mlinzi akaja mbio kumshika, nikamwambia amwache. Nilitaka anipige tena. Hakunipiga.

"Alibisha hodi kwa heshima," akasema. "Dada akamfungulia, akamwambia karibu shemeji."

Dada mtu alifariki kabla ya saa sita. Pale kwetu faili la marehemu hupigwa muhuri na aliyelifungua. Mama msimamizi akaleta muhuri, akauweka mezani mbele yangu. Nikaupiga. Dirishani yule mwanamke alikuwa bado amesimama, anauliza kama dada yake ameshaamka.