Mchicha Kwenye Tuta la Mtihani

Juzi, katika basi la Scarborough, huku ughaibuni, nyuma yangu aliketi binti wa Kenya akiwa amepakata mfuko wa plastiki kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Mama Mkongomani aliyekaa naye akachungulia ndani.

"Mtoto wangu, hii si lengalenga?"

"Ndiyo, mama. Sisi tunaita mchicha."

Akaeleza kwamba anasomea shahada ya kilimo cha bustani. Asubuhi ile walipewa mtihani, kila mmoja tuta lake la karoti la kupalilia. Yeye aling'oa magugu yote, akaacha mchicha. Tena akaupunguza vizuri upate nafasi, kama alivyozoezwa kwao.

"Mwalimu akasema hilo ndilo gugu lenyewe. Amenipa nusu ya alama."

"Ukamjibu nini?"

"Nikaung'oa, nikaomba niende nao."

Mama alichukua jani moja, akalisugua kwa vidole, akalinusa huku amefumba macho. Kituo chake kilipita. Alijua, maana alisema, "Kile kilikuwa changu," wala hakubonyeza kengele.

Mimi nimelalamika miaka saba kwamba mji huu hauna mboga za kwetu. Mmea ule umeota nyuma ya jengo letu, nami huukanyaga kila siku nikienda kazini.

"Uliung'oa wote?" mama akauliza.

Binti akashusha sauti, kana kwamba mwalimu yuko kiti cha mbele.

"Mmoja nimeuacha pembeni. Wa mbegu."