Doa Jekundu la Ndege wa Mjomba

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso kwa kanga, maana mtaa mzima ulinicheka, na lingemkuta mwingine hata mimi ningecheka.

Mjomba wangu Athumani alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja enzi za ukoloni, Mzungu mwenye sanduku zima la michoro ya ndege, samaki na maua, iliyochorwa na mafundi wa Kichina huko kwao, na kila mvua zikikatika mjomba ndiye aliyekuwa akiitoa mmoja mmoja na kuianika kivulini isiliwe na wadudu. Juu ya sanduku jina lilikuwa la Mzungu tu. Alipoondoka baada ya Uhuru alimwachia mjomba mchoro mmoja, wa ndege mwenye mkia mrefu, ukaning'inia ukutani kwetu Kariakoo miaka yote ile ya Ujamaa, na mjomba akiutazama husema, "Mwanaidi, aliyeuchora huu alikuwa mtumishi kama mimi. Sijui hata nimwite nani."

Macho yakaanza kumpotea, akawa anatibiwa na daktari wa Kichina aliyejua Kiswahili, akamwalika Ijumaa baada ya sala aje amsomee jina la yule fundi. Basi ikawa shughuli, majirani wamejaa barazani, na mimi (kiherehere changu hicho) nikaona mgeni haonyeshwi kitu kichafu, kwani pembeni mwa ndege palikuwa na doa jekundu, na kwa kuwa mjomba hula tambuu nikajua ni mate yake yaliyoruka, nikachukua ndimu na chumvi nikasugua mpaka likatoka.

Mara namsikia mjomba uani, "Mwanaidi, ule muhuri mwekundu uonekane vizuri, jina limo humo!"

Badala ya kusema kweli nikatoa rangi yangu ya kucha (niliyokuwa nikimficha mjomba huyo huyo), nikadondosha tone palepale, nikapuliza likakauka, nikatoka na mchoro natabasamu.

Daktari akauinamia, akanusa, akakwaruza kidogo. "Dada," akasema taratibu, "hii rangi ya kucha."

Baraza zima likaangua kicheko. "Mwanaidi kampaka ndege kucha!" jirani mmoja akapiga kelele, nami nikacheka nao kwa kukosa la kufanya, mpaka nilipomwona mjomba, uso ameuelekeza kwenye sauti ya daktari, bado anasubiri.

"Anaitwa nani, daktari?"

"Jina limefutika, mzee."

"Limefutika," mjomba akarudia. "Haya. Mpeni mgeni chai."

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma. Alifariki kabla mwaka haujaisha, na siku zake za mwisho, macho yameshazimika kabisa, alikuwa akiugeukia ukuta ule na kusema, "Fundi, umeshindaje?" Fundi, basi, hana jingine la kumwita.

Tangu siku ile kucha zangu sijazipaka rangi, na doa la mtu silisugui kabla sijamuuliza ni la nini.