Kanga Iliyofunga Taa ya Mume Wangu

Taa ile niliinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Mafiga ukiwaachia wasimulie wao, watakwambia kuna mwanamke alimfuata mumewe mlimani kwa ajili ya kitambaa, watacheka, wataishia hapo. Hawatakwambia nani alinunua taa.

Mume wangu anaendesha bodaboda. Anabeba abiria, anabeba ndizi, anabeba mafundi pamoja na saruji yao, kati ya mjini na Mkuyuni, na kutoka Mkuyuni anapanda juu zaidi, kwao, kwenye vijiji ambavyo gari halifiki mvua ikinyesha. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa barazani na mashine yangu tangu asubuhi, na kila pikipiki inayopita njia yetu mguu wangu unasimama kwenye kanyagio nisikilize kama ni yake. Nina wivu. Sifichi na sijawahi kuficha. Mimi ni mtu wa Iringa, na wateja wangu wakitaka kunichokoza husema Mhehe huyu ipo siku atamnyonga mtu kwa futi ya kupimia. Mume wangu ni Mluguru mpole, haongei. Ukimuuliza swali anakujibu neno moja. Ukiuliza tena anakurudishia lilelile.

Pikipiki yake ilikuwa na taa hafifu, ya kumwomba Mungu. Na kule juu ukungu hausubiri jua lizame. Mchana kweupe unaona mlima wote, unainama kufunga kiatu, ukiinuka huoni hata gurudumu la mbele. Alishawahi kuingia mtaroni na mikungu yake ya ndizi, akarudi nyumbani goti limechanika na suruali imegandana na damu. Nilimwosha huku namgombeza. Zamu yangu ya upatu ilipofika, badala ya kununua mashine ya ovaloki, ya kufunga kingo za nguo, niliyokuwa naiota, nikanunua seti ya taa mpya, zile nyeupe kali zinazouzwa madukani na nyaya zake na swichi yake. Nilitaka arudi. Kila siku, mzima, alale kwangu. Hiyo tu ndiyo ilikuwa sababu.

Kumbe taa yenyewe nzima, inavyoshikiliwa ndiyo balaa. Imeshikiliwa na vipande viwili vya plastiki, kimoja kila upande, waendesha bodaboda wanaviita masikio. Plastiki nyembamba, ukiigonga kwa kucha inalia kama kopo la mafuta ya nywele. Bolti ya chuma inapita katikati yake. Ukilegeza bolti, taa inacheza na kumulika juu ya miti. Ukikaza sana, sikio linapasuka. Wote wanalijua hilo na wote wanakaza, kwa sababu barabara ya huko ni mawe na makorongo, na mwanaume hawezi kulala usingizi na bolti ambayo hakuikaza mpaka ikalia. Mume wangu akaikaza mpaka ikalia.

Haikumaliza wiki. Akanipigia simu jioni: "Sikio limekatika. Ukungu umeshuka. Nalala kwa dada."

Dada yake, yaani wifi yangu, ni mkubwa wake, mjane, anaishi kule juu na watoto wake. Nikasema sawa, kwa dada yako hakuna neno. Kesho yake akarudi na taa imefungwafungwa kwa kitambaa, nikampikia, yakaisha. Lakini wiki iliyofuata simu ikaja tena. Taa imeachia. Wiki nyingine tena, taa imeachia. Ikawa desturi, sauti ileile ya upole, maneno yaleyale machache, na mimi nimekaa Mafiga na sufuria la wali uliopoa, naitukana ile plastiki na aliyeitengeneza.

Jumapili moja nilikuwa naiosha pikipiki. Napenda kuiosha mwenyewe, mtu akiniuliza kwa nini simjibu. Nikafika kwenye taa, nikakiangalia kile kitambaa vizuri kwa mara ya kwanza. Kilikuwa ukanda wa kanga, umekatwa kwenye pindo, rangi ya zambarau na njano. Mtu akifunga kitu kilichovunjika njiani, anachana. Anashika kanga iliyochakaa, anaitia meno, inachanika, anafunga, safari. Hiki hakikuchanwa. Kilikatwa kwa mkasi, kimenyooka, halafu kikakunjwa pande zote mbili na kushonwa kwa mkono. Mishono midogo midogo, imepangana, hakuna uliozidi mwenzake. Na kanga haikuwa imechakaa. Kilizungushwa kwenye sikio lililokatika, kikabana kwenye mhimili wa usukani, kikafungwa kwa fundo la kulala chini ili upepo usilifungue. Mimi kazi yangu ni nguo. Najua muda uliomo ndani ya mshono. Aliyeshona ule alikaa kitako, akatulia, akamfikiria mwenye pikipiki.

Wifi yangu hawezi kushona. Ana mikono ya jembe, mikono mizuri ya kazi, lakini hata kifungo cha gauni huniletea mimi. Basi nikajua kuna mwanamke.

Nikamuuliza mume wangu: "Kitambaa hiki cha nani?"

"Cha nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Sina kanga ya rangi hii."

"Kwa dada."

"Nani amekishona?"

Akaangalia pembeni. Mtu asiyeficha kitu angetaja jina, ama angesema sijui. Yeye akaangalia pembeni, akasema, "Cha nyumbani tu," akaenda kuoga.

Jamani, siku zile niliumia. Sikuwa nalia, nilikuwa nachemka. Nilimgeuzia mteja mkono wa gauni nje ndani, akalipeleka kanisani hivyohivyo, akarudi kunisema mbele ya watu. Nilikuwa nimeshamjua yule mwanamke wangu wa kichwani mpaka sauti yake. Mwembamba, ana vidole virefu, hana haraka, hapandishi sauti. Anampa mume wangu maji kwanza ndipo anamuuliza habari. Kilichonikata maini ni ile taa. Nimeacha mashine yangu, nimenunua taa, na kumbe nimemnunulia mwangaza wa kumwendea mtu. Na huyo mtu anaifunga taa yangu kwa kanga yake, ipite mjini kutwa nzima mbele ya macho yangu, imulike huku imevaa nguo yake.

Kisha ikaja siku alipopiga simu mchana. Mchana, jua linawaka, naliona kwenye mabati ya jirani. "Taa imeachia," akasema. "Huenda nikalala." Nikafunika cherehani. Nikavaa viatu vya kufungwa, nikamwambia jirani aniangalizie mlango, nikapanda gari la Mkuyuni.

Pale sokoni Mkuyuni nikakodi pikipiki ya kunipandisha. Dereva alikuwa mtu mzima mchangamfu, na taa yake pia ilikuwa na sikio lililokatika, imebanwa kwa mpira wa tyubu. Nikamuuliza kama na wao huwa wanafunga kwa kanga iliyopindwa pande zote na kushonwa vizuri kwa mkono.

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. "Mama, mpira wa tyubu ukiufunga mara moja umemaliza. Nani atakaa anishonee taa? Labda anipende sana."

Tulivyozidi kupanda ukungu ukaanza kuteremka kwenye migomba, na mimi nikawa napanga maneno. Nilikuwa na maneno mengi, mazuri, nimeyapanga kwa mpangilio. Kwanza ningemsalimia huyo mwanamke kwa heshima. Halafu ningemuuliza kama anajua taa ile ni ya nani.

Akanishusha kwenye kona, nikamalizia kwa miguu, na kabla sijaiona nyumba nikasikia mtu anacheka. Kicheko kinene cha kutoka tumboni, kinakatika, kinaanza upya. Nikafikiri wifi ana mgeni. Nilipozunguka upenu nikamwona mume wangu amelala chali kwenye mkeka barazani, hana viatu, kichwa amelaza kwenye gunia la maharage, anamsimulia dada yake kisa fulani kwa Kiluguru huku anatupa mikono hewani. Wifi anachambua maharage na kufuta machozi ya kucheka. Nimeishi na mwanaume yule miaka, nimemzalia watoto wawili ambao sasa wako shule za bweni, sikuwahi kuisikia sauti ile. Akaniona, akaketi, akakunja miguu. Kicheko kikazima.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Shikamoo wifi."

"Marahaba wifi yangu, karibu, karibu sana. Huko salama?" Akainuka akanipokea mkoba. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa palepale, na taa yake imetulia, na kanga ile ya zambarau. Nikaishika taa nikaitikisa. Haikucheza hata kidogo.

Wifi akanishika mkono akaniingiza ndani. "Umekuja kumwona mwali? Yeye kakwambia? Nilimkataza asitangaze, haya ni mambo yetu wanawake, mwanaume, na mjomba hasa, hana mdomo wa kuyasema." Akafunua pazia. Ndani, kwenye kitanda cha kamba, alikaa binti yake mkubwa, mpwa wa mume wangu, amejifunika kanga ya zambarau na njano, macho chini. Amevunja ungo, amewekwa ndani kama desturi yao ilivyo, hatoki nje mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa. Kutwa anafundwa, na kutwa anashona, kwa sababu hana pengine pa kupeleka mikono. Magotini alikuwa na foronya, na mishono ileile. Niliijua kabla sijaigusa. "Huyu ndiye aliyemtengenezea mjomba wake taa," wifi akasema. "Alikata kanga yake mwenyewe. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

Nikakaa pale kitandani na mwali, nikacheka. Nilicheka kwa kweli, moyo ukashuka, nikajiona mjinga na nikafurahi kuwa mjinga. Nikamsifia mshono, nikamwonyesha namna ya kuficha fundo la uzi. Hakuna mwanamke. Mume wangu ni wangu. Nikamfuata wifi jikoni nimekuwa mwepesi, nikachukua mwiko nimsaidie ugali, na kwa kutaka kusema jambo la heshima nikamwambia, "Wifi, pole na usumbufu. Hii taa imewatesa, kila wiki inaachia analala kwenu."

Wifi alikuwa anapuliza moto. Akainua uso. "Inaachia wapi? Tangu mwali aifunge ile siku ya kwanza haijasogea. Hata mimi nashangaa, kipande cha kanga tu kimeishinda plastiki ya dukani."

"Anaponipigia simu husema imeachia."

Wifi yangu si mwanamke wa fitina, na nadhani angejua ninachouliza asingejibu alivyojibu. Alijibu kama mtu anayenisaidia kumlaumu mdogo wake. "Mimi kila akija namwambia, rudi kwako, mkeo anakusubiri, ukungu wenyewe huu mwepesi na taa unayo. Anasema, dada, niache nipumzike kidogo."

Akarudi kwenye moto wake. Mimi nikaendelea kusonga. Ugali ulikuwa umeshaiva, lakini niliendelea kusonga mpaka akanitoa mwiko mkononi.

Yule mwembamba wa vidole virefu, ningemweza. Ningemfuata mlangoni kwake, ningesema maneno yangu, watu wangejaa, mmoja wetu angeondoka. Sasa nilikuwa na nani wa kumfuata? Nilikuwa na wivu wa mkeka. Nilikuwa na wivu wa gunia la maharage, wa ukimya wa baraza ile, wa kila kitu ambacho mume wangu alikuwa anakilalia ili asisikie mimi namuuliza.

Tukala. Watoto wa wifi wakamzunguka, mjomba hivi, mjomba vile, naye akajibu kwa maneno machache, jicho moja kwangu. Akanawa, akasema ni vizuri tuteremke kungali mwanga. Hakusema taa mbovu, na mimi sikumuuliza. Wifi akanifungia ndizi na maharage, akanisindikiza mpaka kwenye migomba. Nikapanda nyuma, nikashika bega la mume wangu.

Ukungu ulikuwa umejaa njia nzima. Akawasha taa, ikamulika mbele sawasawa, nyeupe, imetulia, nikaona kila jiwe na kila mfereji kabla hatujaufikia. Ilikuwa taa nzuri sana. Maneno yote niliyoyapanga wakati wa kupanda nilikuwa nayo bado, na mengine mapya makali kuyazidi, yamenijaa mdomoni, na sikutoa hata moja. Tukapita kona za juu, tukapita daraja la mbao, tukaanza kuziona nyumba za Mkuyuni kwa chini.

Hapo akapunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo. Sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli.

"Mbona kimya hivyo? Unaumwa?"

Nikamwambia aangalie barabara.