Ekzosi Niliyoipima kwa Maji

Subira yangu iliisha pale fundi alipoingiza mguu mmoja ndani ya gari langu, akakanyaga mafuta, na huku mkono wake umeinyoosha simu nje ya mlango ili mtu wa upande wa pili asikie muungurumo.

"Sikia hiyo, mkuu! Sikia hiyo!"

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Baba wa mtoto wangu alicheka, akiwa huko machimboni alikokwenda tangu mtoto hajaota jino. "Hapo sawa! Hiyo sasa ni mashine, siyo cherehani."

Nilikuwa nimesimama karibu yao, mtoto mgongoni, khanga imenikaza kifuani. Hakuna aliyenitazama. Nikapitisha mkono dirishani, nikachomoa ufunguo, nikautupia kwenye ndoo ya oili chafu. Gereji nzima ikageuka kunitazama. Ndipo nikakumbuka kwamba gari ni langu na ufunguo ni wangu. Nikakunja mkono wa gauni, nikauopoa mwenyewe.

"Dada, una hasira," fundi akasema.

"Sina."

Na kweli sikuwa nazo. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: unajua kinachofanyika mdomoni mwako, unasikia koleo linagonga, lakini hakuna kinachouma. Hasira nazisikia leo, ninapoandika. Siku ile nilikuwa nimesimama tu, oili inanidondoka vidoleni, nikitazama mahali bomba la moshi lilipotokea. Lilitokea pembeni, chini ya mlango wa nyuma, upande anaokaa mwanangu.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lilikuja nchini limeshachoshwa na watu wengine. Nalitumia kuleta asali na karanga kutoka Goweko kuja kuuza mjini. Mama yangu miguu yake imevimba, hawezi kukimbizana siku nzima na mtoto aliyeanza kutembea, kwa hiyo ninapokwenda Goweko huwa naye kiti cha nyuma, nimemfunga kwa mkanda na khanga. Ndivyo tunavyoishi. Gari likisimama, biashara imesimama. Mtoto akikosa kupanda, mimi pia sipandi.

Barabara ile haionei huruma vitu vya chini ya gari. Kabla ya siku ile ya gereji, ekzosi ya zamani ilikatika katikati, usawa wa kiti cha nyuma, na sakafu pale ina kitundu cha kutu ambacho nilikuwa nimekifunika kwa zulia. Nilisikia kelele zimeongezeka. Nikadhani kelele ni kelele tu. Nikafunga vioo kwa sababu ya vumbi.

Tulipofika Kigwa, karibu na reli, mtoto akatapika. Nikasimama. Alikuwa amelala usingizi ambao si usingizi, shingo imelegea kama ya kuku. Nilipoinama kumfuta miguuni ndipo nikaisikia harufu ya moshi pale chini, imekaa, inanisubiri. Nikamtoa, nikakaa naye kwenye majani pembeni ya barabara nikimpuliza usoni. Akafumbua macho. Akalia. Mimi sikulia. Nilimshika tu.

Hospitalini mjini daktari akaniuliza, "Mlilala na jiko la mkaa ndani?"

"Hapana. Tulisafiri nalo."

Akadhani nafanya mzaha. Nilijibu kama mtu anayesoma tangazo la kupotea kwa ng'ombe.

Basi ikabidi ninunue ekzosi, na mfuko wangu ulikuwa unajulikana. Njia zilikuwa tatu. Kuagiza mpya kutoka Dar, ambayo niliuliza bei mara moja nikashukuru nikakata simu. Kuchongewa na fundi, yaani anachukua bomba la chuma, anachomelea na kopo la bati, anakatia pale chuma kinapomwishia. Hiyo ni rahisi kuliko zote, na vijana wanaipenda kwa sababu inanguruma. Au kununua mtumba, ekzosi halisi iliyokatwa kwenye gari la aina hiyohiyo, yenye sailensa yake, yaani lile kopo la kumeza kelele, na bomba lake refu linalokwenda mpaka nyuma kabisa.

Mimi sikutaka mngurumo. Nilitaka moshi utokee nyuma ya gari, basi. Nikaenda kwa muuza spea, mzee mmoja ambaye familia yake iko mjini tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Sasa yeye anauza vyuma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe ndiye mimi."

"Nasema mume. Aje achague, hivi vitu vina utaalamu."

"Ekzosi haivaliwi na mume, babu."

Akacheka, akaniachia nichague. Nikachagua namna mama alivyonifundisha kuchagua mtungi. Kwanza unagonga kwa kokoto na kusikiliza: mtungi mzima unalia, wenye ufa unakohoa. Halafu unaziba, unajaza maji, unasubiri. Nilikuja na tambara na ndoo. Nikaziba upande mmoja wa bomba, nikaomba maji ya bombani, nikajaza. Vijana waliokuwa wanasubiri spea zao wakaanza.

"Mama, unanunua ekzosi au mtungi?"

"Usisahau kuifukizia ubani!"

Hata mzee alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikamwambia, "Mtungi ukivuja nalowa. Hii ikivuja nazika."

Akaacha kucheka. Ekzosi ya kwanza ilidondosha maji kwenye kiungo cha sailensa, tone baada ya tone. Nikaiweka kando. Ya pili ilikaa na maji yake kimya, mzee na mimi tumechuchumaa tunaitazama kama watu wanaosubiri uji uchemke. Haikutoa hata jasho. Ilikuwa na kutu kwenye kishikizo, na kwa kutu ile akanipunguzia.

Nyumbani mama akanisema. "Watu walitoka hapa Unyanyembe mpaka pwani kwa miguu, pembe begani. Wewe, mayu, mwanangu, wiki nzima unaongea habari ya bomba."

"Hao hawakuwa wamefunga vioo."

Asubuhi nilimpelekea fundi gari pamoja na ekzosi. Nilimwonyesha kwa kidole. Funga hii. Itoke mpaka chini ya bampa. Hiki kitundu cha sakafu kizibe kwa bati. Akasema, "Ndiyo, mama," kila mara, mpaka nikaridhika. Ilinipasa kushtuka. Mtu anayekusikiliza kweli huuliza hata swali moja.

Gereji za kwetu zina desturi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kifaa kilichotolewa kwenye gari kinabaki kwa fundi. Hakuna anayekidai, ni kama chai yake, anakiuza chuma chakavu na maisha yanaendelea. Ya pili haisemwi, lakini nayo ina nguvu kama ya kwanza: gari lina mwanamume, hata kama lilinunuliwa na asali ya mwanamke. Fundi alimjua baba wa mtoto wangu tangu uwanja wa mpira. Akampigia. Akamwambia shemeji ameleta bomba refu la kizee, mimi naweza kukutengenezea fupi lenye mdomo mpana. Baba wa mtoto akasema piga kazi. Mimi nilizunguka wiki nzima na ndoo. Yeye alichagua kabla sigara yake haijaisha.

Baada ya kuuopoa ufunguo ndipo nikauliza ekzosi yangu iko wapi.

"Ilibaki hapa," fundi akasema. "Ikapata mtu."

"Umeiuza?"

"Dada, kifaa kikibaki gereji ni cha gereji. Si unajua utaratibu?"

"Kinachobaki ni kilichotoka kwenye gari. Ile haikuwahi kuingia."

Akamtazama mwenzake, akatabasamu. "Mwenye gari mwenyewe ameridhika. Wewe unataka nini tena?"

Nikampigia huyo mwenye gari wake. Akapokea akiwa bado na furaha. "Umeiona? Sasa hata ukiwa mbali watu wanajua unakuja."

"Bomba linatokea chini ya mlango wa mtoto."

"Si unafungua vioo?"

"Nilikueleza kilichotokea Kigwa."

"Lile lilikuwa limekatika. Hili jipya. Acha woga, bwana. Fundi anajua kazi yake, tumecheza naye mpira."

Nikakata. Nilijaribu kutafuta hata tusi, nikakuta pakavu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikamwacha mtoto kwa mama, nikachukua nepi nyeupe ya kitambaa iliyotoka kufuliwa. Nikalirudia gari. Kile kitundu cha sakafu hakikuzibwa. Zulia lilikuwa limerudishwa juu yake, limenyooshwa vizuri. Nikatandika nepi pale, nikafunga vioo vyote isipokuwa changu, nikaendesha mpaka Kipalapala na kurudi. Njiani watoto wa shule waliruka pembeni na kushangilia mngurumo. Mwanaseminari mmoja mwenye baiskeli aliziba masikio. Mimi niliendesha tu. Kichwa kilipoanza kugonga nilitoa uso nje kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

Nilipofika nyumbani, nepi ilikuwa na duara la kijivu katikati, kubwa kama kitako cha sufuria. Nikampa mama ainuse. Mama, aliyekuwa amenicheka, akaikunja polepole, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo.

"Nenda nayo," akasema. "Mjukuu wangu hapandi hicho kitu."

Kwa fundi nilirudi nikiwa na nepi. Akaniambia nepi za watoto huwa na madoa. Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Kwa hiyo nikaenda kwa mtendaji wa mtaa.

Mtendaji alikuwa mtu mpole, ndiyo shida yake. Akanisikiliza, akasema, "Mama, haya ni mambo ya nyumbani. Ongeeni na mzee wako, mtayamaliza."

"Nyumbani kwangu hakuna gereji."

"Lakini aliyetoa ruhusa ni mumeo."

Nikamwekea mezani kadi ya gari. Akasoma jina. Akageuza nyuma, sijui alitafuta jina lingine. Halafu nikafungua mfuko wa nailoni. Ile harufu ikatoka, ikakaa katikati yetu. Akarudisha kiti nyuma. Akainuka kufungua dirisha.

"Huyu mtoto yuko wapi sasa?"

"Kwa bibi yake. Mzima. Nataka abaki hivyo."

Akanisogezea karatasi na kalamu. Akasema niandike kwa kifupi, na nisiandike matusi. Sikuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi la nje, nikaandika hivi:

"Kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. Yah: Kufungiwa ekzosi ambayo sikuichagua.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja na ni mwenye gari. Namlalamikia fundi aliyepokea gari langu na ekzosi yangu kutoka mikononi mwangu, akachukua maelekezo kwa mtu ambaye hakuwepo. Ekzosi niliyompa ilikuwa nzima, niliipima kwa maji na muuzaji ni shahidi. Ameiuza kwa madai kwamba ni kifaa kilichobaki. Haikubaki, niliiacha ifungwe. Aliyofunga inatoa moshi chini ya mlango anapokaa mtoto, na moshi unaingia ndani. Mtoto huyu ameshaugua kwa moshi mara moja.

Sidai fidia na siombi kuombwa radhi. Naomba fundi aamriwe kuniletea ekzosi ndefu ya gari hili, niipime mwenyewe mbele yako, aifunge mpaka nyuma, na azibe sakafu. Mpaka hapo mtoto hatapanda na mimi sitakwenda kazini. Naomba pia iandikwe kwamba swali lolote kuhusu gari hili niulizwe mimi.

Kiambatanisho: nepi moja. Naomba nirudishiwe shauri likiisha, bado inatumika."