Njuga Ndani ya Santuri

Jumamosi nilikuwa dukani Mtendeni kununua chumvi, mwenye duka akapiga santuri mpya ya ngoma. Ngoma ilipokolea zikasikika njuga za miguuni. Bibi mmoja aliyekuwa akichagua kanga akaiacha mezani, akajifunga kibwebwe.

"Maji yako wapi?"

"Una kiu, bibi?" mwenye duka akauliza.

"Kiu ya nini! Maji ya kuwaosha miguu."

Tukacheka, naye akacheka kutushinda. "Mwili umenitangulia," akasema. Akatueleza kwamba zamani wapagazi wa kwao, wakirudi kutoka pwani, walivaa njuga wakikaribia kijiji, ili kila mke akimbilie njiani na kibuyu cha maji amwoshe mumewe vumbi la safari.

"Na wako alirudi?" nikamuuliza.

"Wenzake walipita wote. Nikarudi nyumbani na maji yangu."

Akalisogelea sanduku la santuri.

"Hebu irudie, mwanangu," akasema bibi. Ikapigwa upya, yeye kichwa amekiinamisha karibu na sanduku. Ngoma ikaisha, sindano ikabaki inakwaruza. Mwenye duka akanyoosha mkono aiondoe.

"Acha kwanza," bibi akamzuia. "Yule alipenda kutembea nyuma."

Basi tukasimama pale, watu wazima, tunasikiliza mikwaruzo.

Mimi kengele ya kanisa hunikuta kitandani kila Jumapili, na Anayeniita najua yupo. Mungu anisamehe. Jana sikungoja ilie; ilinikuta mlangoni mwa kanisa.