Walishangilia Kwa Sababu Sikulia

Admin, jina langu liweke kando, maana mume wangu na dada zake wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Kanamkemer hapa Lodwar, na nina ugonjwa wa sukari. Mume wangu anauza simu na chaja Kakuma, nyumbani huja wikendi. Ninaandika nikiwa nimechefukwa, kwa hivyo mkikuta maneno makali mnivumilie.

Mwaka jana miguu yangu ilianza kufa ganzi. Kiatu kinaweza kunitoka njiani nikaendelea na safari bila kujua. Kliniki ya sukari wakanituma kwa dada wa fizio, yule anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Aliniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa kitu kama uzi. Nikawa nasubiri aanze, kumbe ameshamaliza.

"Mama, hii miguu haisikii," akasema. "Lakini tutaifanyisha kazi, ndio usianguke anguke."

Akanionyesha kuviringisha chupa ya soda chini ya unyayo, kuokota leso kwa vidole vya mguu, kusimama kwa ncha za vidole nikishika kiti. Akanikataza kutembea peku hata ndani ya nyumba, na maji ya kuoga nipime kwa kiwiko. Nilifanya yote, na baada ya muda nikawa naenda sokoni bila kushikashika kuta za watu. Nilifurahi sana, jamani.

Mume wangu alicheka. "Hospitali mzima, na wanakupea chupa ya soda kama mtoto?" Nilipomweleza kwamba miguu haisikii, neno hilo akalichukua kwa maana yake mwenyewe. Kwake, asiyesikia ni mkaidi. "Kama haisikii, itasikizishwa," akasema. Wikendi iliyofuata alishuka kutoka Kakuma na mwanamume anayejiita mtaalamu wa mishipa. Mawifi wangu wawili wakaja kutazama.

Mtaalamu alipasha mchanga kwenye karai juu ya jiko, akaliteremsha chini, akaniambia niingize miguu. Nikakataa. Mume wangu akaniuliza kama nataka kumwaibisha mbele ya mgeni wake.

Nikamgeukia yule mtu. "Si hii ni moto sana?"

"Wewe unasikia moto?"

"Hapana."

"Basi unaogopa nini?"

Wakacheka wote. Nikaingiza miguu, mume wangu akiwa ameshika simu anarekodi.

Harufu ikaja. Nilidhani jirani anababua kichwa cha mbuzi, na nusura niulize nani ana sherehe. Mawifi walikuwa wanakunywa chai na mandazi. Nilipotoa mguu wa kulia, ngozi ya unyayo ilibaki kwenye mchanga. Nikatapika pale pale, na wifi mkubwa bado anapiga makofi. "Mnaona? Hajalia hata kidogo. Huyu ndio mwanamke ya Turkana."

Ujasiri gani? Sikulia kwa sababu sikusikia. Hadi leo mandazi sigusi.

Mguu wa kushoto ulipona, lakini wa kulia sasa ni kuosha kidonda kliniki kila mara. Daktari amesema kikizidi, mguu utakatwa. Dada wa fizio hakunigombeza. Alinifundisha mazoezi ya kufanya nikiwa nimekaa, ili ule mguu mwingine usife nao.

Na ile video? Mume wangu aliikata kabla sijatoa mguu, akaisambaza. Watu wanachoona ni mama ametulia na miguu kwenye mchanga, halafu makofi. Mtaalamu anaita wateja kwa uso wangu, na mume wangu ndiye anayewapokea, namba yake iko pale chini. Ninaona kinyaa kulala naye kitanda kimoja. Nilipomwambia aifute, alisema nikimharibia jina nitafute pa kwenda. "Wewe ni wa hii nyumba ama ni wa hospitali?"

Ningemeza hata hilo. Lakini Jumapili simu yake ililia akiwa bafuni, nikapokea. Alikuwa mama mmoja wa kule Kerio, sauti ya mtu mzima, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama. Ni wewe nimeona kwa video? Mimi pia miguu yangu haisikii. Hiyo mchanga ilikuwa moto aje?"

Kabla sijajibu, mume wangu alitoka na taulo, akaninyang'anya simu. "Njoo tu Jumamosi, mama. Mtaalamu atakuwa hapa kwetu." Akakata, akaniagiza niweke maziwa ya chai ya mgeni. Kisha akaitazama bandeji yangu, akasema siku hiyo nivae soksi.

Ndugu zangu mnaosoma, nyumba ni yake na watoto bado wako shule. Yule mama namba yake sina, na Jumamosi atapanda gari kutoka Kerio akiniamini mimi. Niambieni ukweli, msinionee haya. Nivae hizo soksi?