Nyuki wa Ami Pandu

Ami yangu Pandu ni mkwezi wa minazi, na hapa Mangapwani ukisema tu "mkwezi" bila jina, watu hujua unamsema yeye. Siku hizi ndevu zimekuwa nyeupe na magoti humlalamikia akitaka kukaa kitako. Hata hivyo, madafu mnayoyanywa mjini Darajani kwa mbwembwe, mengi yamepita mikononi mwake, na yeye halisahau hilo wala hawaachi wengine walisahau.

Mimi ni Nadhira, binti wa kaka yake. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Kendwa. Masika yakiingia wageni hupungua, nasi wengine hupewa likizo tusiyoiomba, kwa hiyo nami hurudi kwa ami, maana ndiko nilikolelewa. Masika ni likizo yake pia. Mnazi uliorowa huteleza, na mkwezi mwenye akili zake hapandi. Basi nyumba hujaa watu wasio na kazi, na mkewe, Bi Thuwaiba, hutuvumilia kwa kujikaza.

Mwaka huu Bi Thuwaiba alikuwa na jambo zaidi lililomkaa rohoni. Kabla mvua hazijaanza, ami alipanda mnazi karibu na skuli, akakaa juu muda mrefu mno, kisha akashuka na kole moja tu la nazi huku ametota jasho. Alisema kulikuwa na nyuki. Watu walimwamini, kwa sababu nyuki hukaa minazini. Borafya, mkwezi mwenzake asiyejua kunyamaza, akamtania kila siku kwamba mzee mzima amekimbizwa na wadudu. Bi Thuwaiba hakucheka. Alimwambia mumewe kwamba umri wa kupanda umekwisha, kazi sasa ampe Ubwa, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Ami hakutaka hata kusikia. Alikuwa amekwisha kumwahidi jirani yetu, Bi Ummkulthum, kwamba mvua zikikatika atamwangulia mnazi wake mrefu uliolalia paa la nyumba, nazi zipikiwe harusi ya mjukuu wake. Mnazi ule haujapata kupandwa na mtu mwengine. Kumwachia Ubwa ilikuwa sawa na kutangaza msikitini kwamba Pandu amekwisha. Kwa hiyo wakabaki hivyo, mke anaomba mvua ziendelee na mume anaomba zikatike.

Kuna tabia moja ya Bi Thuwaiba lazima niieleze. Mkwezi wa kwetu kabla ya kupanda hupaza sauti, ili wanawake waliomo nyuani wajisitiri, maana ukiwa juu ya mnazi hakuna ua usiouona. Wanawake wengine wakisikia sauti hiyo huvuta kanga kichwani wakaendelea na shughuli zao. Bi Thuwaiba akiisikia sauti ya mumewe huingia ndani, akafunga mlango, akakaa kimya mpaka asikie nazi zinaanguka. Zikianguka ndipo hupumua. Tangu aolewe hajamtazama mumewe akiwa juu, hata mara moja. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni haya. Nilipokua nikajua ni khofu.

Sasa nije kwenye jambo la filamu. Kuna mgeni mmoja alifikia hotelini kwetu, mama wa Kizungu mwenye vidole vigumu kuliko vya fundi mwashi, na kazi yake ni kupanda majabali. Nilipomwambia kwamba ami yangu naye ni mpandaji, alifurahi hata nikaona haya. Kabla ya kuondoka akanikatia tiketi ya tamasha la filamu za wapandaji, ambalo huonyeshwa kwenye mtandao, na kila mtu hulitazama nyumbani kwake. Alinitaka nitazame pamoja na ami na wakwezi wenzake, kisha nimwandikie walichosema.

Jumamosi ya tamasha mvua ilianza tangu alfajiri. Nikaunganisha simu yangu na televisheni, ami akakaa mkekani, Borafya akaja na kofia iliyorowa na maneno yake tele, na Ubwa akakaa karibu na mlango kwa adabu. Bi Thuwaiba alikuwa pembeni na ungo wa mchele, mgongo ameipa televisheni. Alituambia kwamba hayo hayamhusu.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja anayepanda jabali lililonyooka kama ukuta. Wenzangu hao hawakumtazama usoni hata kidogo. Walitazama miguu. Ami alikuwa akinong'ona ahamishe mguu wa kulia kabla mwenyewe hajauhamisha, na kila kijana alipofanya vile vile, Ubwa alitabasamu. Borafya aliuliza juu huko kuna nini. Nikamjibu hakuna kitu. Akauliza hata mayai ya ndege hakuna, nikasema hata hayo. Kijana akafika kileleni, wote watatu wakasubiri atupe kitu chini. Kijana akainua mikono, akacheka, filamu ikaisha. Borafya alisononeka kabisa. Alisema mtu huyo amewachosha bure, na kwamba yeye akishuka mnazini mikono mitupu hathubutu kupita barazani.

Ya pili ilikuwa ya mtu mzima, mvi zimemjaa, anapanda jabali refu huku kamba imefungwa kiunoni. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa chini, mikononi mwa mwanamke. Hapo nikasikia mchele umeacha kupetwa.

"Huyo mwanamke nani wake?" Bi Thuwaiba akauliza.

Nikamwambia ni mkewe, na kwamba mume akiteleza, yeye ndiye anayemzuia asianguke.

"Na anamtazama muda wote huo?"

Nikamjibu kwamba hana budi, maana akiangalia pembeni mwenzake yumo hatarini. Bi Thuwaiba aliweka ungo chini, akaja akakaa mkekani pamoja nasi, kando ya mumewe. Nilimwona anamtazama yule mwanamke tu, wala hakumjali mpandaji.

Mtu yule alifika mahali karibu na kilele, kimebaki kipande kidogo tu, mguu wake wa kushoto ukaanza kutetemeka. Ulitetemeka wenyewe, naye akiusihi kwa mkono utulie. Alijaribu tena, mguu ukakataa. Mkewe akamwita kutoka chini, kwa sauti ya upole, akamwambia ashuke. Akashuka, hakufika kileleni, na alipotia mguu ardhini mkewe akamkumbatia.

Borafya alikasirika kana kwamba ameibiwa. Alisema fedheha gani hiyo, mwanamme kuitwa na mkewe akashuka mbele ya kamera, na ulimwengu mzima unamwona. Ubwa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, alisema labda ni baridi iliyomfanya atetemeke, maana kule kwao kuna theluji.

Ami Pandu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Si baridi," alisema. "Huyo naye kapata nyuki."

Borafya alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwenye mnazi wa karibu na skuli hakukuwa na nyuki wowote, na nikaona uchungu kwa namna nilivyocheka na mimi niliposimuliwa kisa kile. Bi Thuwaiba hakumgeukia mumewe. Alimsukumia kikombe chake cha chai karibu na goti, akarudi kwenye ungo wake.

Nilidhani basi, mambo yamekwisha, ami atakwenda kwa Bi Ummkulthum aombe radhi. Wapi. Kukiri kwa fumbo mbele ya watu watatu chumbani ni jambo moja, na kuvunja ahadi ya harusi ni jambo jengine. Mvua zilipokatika na jua likaikausha minazi, alitoa kamba yake ya miguu, akaikagua, akasema kesho anakwenda. Bi Thuwaiba hakumzuia. Usiku ule alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi, na mimi nikajifanya nasoma simu.

Asubuhi ua wa Bi Ummkulthum ulikuwa umejaa wanawake. Wengine wanapeta mchele, wengine wanamenya vitunguu, na mbuzi za kukunia nazi zimekwisha kupangwa. Borafya na Ubwa walikuwapo, wameletwa kubeba. Ami alisimama chini ya mnazi, akapaza sauti ile yake, na kanga zikavutwa vichwani. Mimi nikageuka kutazama mlango wa kwetu, nikisubiri ufungwe.

Haukufungwa. Bi Thuwaiba alitoka, akavuka uchochoro, akapita katikati ya wanawake mpaka kwenye shina la mnazi. Akasimama hapo, kichwa amekiinua.

Ami alishangaa. Akamuuliza anataka nini.

"Nnatazama," Bi Thuwaiba akamjibu.

Sijui ami alifikiri nini. Alivaa kamba miguuni, akasema bismillahi, akapanda. Alipanda vizuri, kwa mwendo ule ule ninaoujua tangu utotoni, akapita usawa wa paa, akapita usawa wa minazi mingine yote. Alipokaribia makuti akasimama. Nikiwa chini niliiona ile kamba ya miguu inatikisika. Ami aliukumbatia mnazi kwa mikono miwili na hakwenda juu wala chini.

Wanawake wakaanza kuulizana kimetokea nini. Mmoja alisema mzee amechoka, mwengine akasema tangu hapo umri wake haukuwa wa mnazi huu. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Najua ami alisikia, kwa sababu juu ya mnazi kila kinachosemwa uani husikika.

"Baba Ulfat," Bi Thuwaiba akaita. Ulfat ni binti yao mkubwa, na ndivyo anavyomwita mumewe siku zote. "Nyuki hao. Nnawaona kutoka hapa. Shuka."

Nikamgeukia Borafya. Alikuwa na mdomo wazi, na mimi nilijua kinachoweza kutoka mle. Alitazama juu, akamtazama Bi Thuwaiba, kisha akavua kofia na kuanza kuipunga hewani.

"Wengi mno," akasema. "Funikeni vyakula hivyo."

Wanawake wakafunika masufuria, wakarudi nyuma. Ubwa naye akawa anapunga mkono, ingawa mbele yake hapakuwa na hata nzi. Bi Ummkulthum, ambaye harusi ni yake na paa ni lake, alisema nyuki wa aina hiyo hukaa siku moja tu, kesho Ubwa atakuja kutazama kama wamekwenda zao.

Ami akashuka. Alishuka polepole, akipumzika mara kwa mara, na muda wote huo Bi Thuwaiba hakukiteremsha kichwa wala hakupepesa macho pembeni. Alipofika chini alijifungua kamba bila ya kumtazama mtu. Hakuwa na kole wala dafu, mikono yake ilikuwa mitupu. Bi Thuwaiba akaishika yote miwili, pale pale mbele za watu, na hakuiachia mpaka walipofika nyumbani.